Kengele Imelia na Mtoto Ana Homa



Siku ngumu kuliko zote katika kliniki ya watoto ni Jumatatu. Wauguzi wenzangu wanalijua jambo hili, nami nimelishuhudia kwa zaidi ya miaka ishirini ya kazi hii. Saa moja asubuhi benchi limekwisha kujaa, na watoto wa siku hiyo mara nyingi huwa wamezidiwa kuliko wale wa Jumatano au Alhamisi. Unamwuliza mama, "Homa ilianza lini?" Anakujibu, "Juzi Jumamosi jioni, nesi." "Mbona hukuja jana?" Hapo ndipo anapotazama chini. "Jana ilikuwa Dominika. Tulikuwa kanisani, halafu jioni kulikuwa na kikao cha Jumuiya."

Wapo wenye sababu nyingine. Zahanati ya kijijini ilikuwa imefungwa, baba alisafiri na pesa, bodaboda wa kuwapeleka hakupatikana. Hizo nazielewa. Lakini huyu aliyekaa na mtoto mwenye homa kali kwenye benchi la kanisa kwa saa tatu, kwa kuogopa kwamba akiondoka atakuwa ametenda dhambi, huyu hunikaa rohoni siku nzima. Ni mama mwema. Anampenda Mungu na anampenda mwanawe, ila amedhani kwamba siku ile ilimlazimu achague mmoja.

Mwezi huu nimeombwa kuandika juu ya kuishi imani yetu ya Kikatoliki katika maisha ya siku hizi. Wengi wakisikia maneno hayo hufikiria simu, runinga na mavazi ya vijana. Hayo yana waandishi wake. Mimi nitabaki pale ninapopajua, yaani kwenye kitanda cha mgonjwa, chupa ya dawa na sufuria ya uji. Ninalotaka kusema ni kwamba mama anayemhudumia mtoto au mgonjwa hajatoka katika ibada, na Kanisa lenyewe limeyasema hayo waziwazi katika sheria zake. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatukufundishwa, au tulifundishwa wakati wa Kipaimara tukiwa tunasinzia.

Amri ya Dominika

Kushiriki Misa Dominika na sikukuu zilizoamriwa ni wajibu mzito, nami sitapunguza hata nukta moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inalieleza jambo hilo katika namba 2181. Hata hivyo namba hiyohiyo inasema kwamba mtu husamehewa akiwa na sababu ya maana, na mifano inayoitoa ni miwili: ugonjwa, na kutunza watoto wachanga. Tafakari hapo, mama mwenzangu. Waliotunga kitabu kile walikuwa wanaume wasio na mtoto wa kunyonyesha, lakini walipotafuta mfano wa mtu mwenye udhuru wa kweli walikukumbuka wewe.

Kwa sisi tunaofanya kazi za zamu, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inatusaidia pia. Kanuni ya 1248 inasema kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku inayotangulia Dominika ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo muuguzi, askari, mama anayeuza chakula stendi, wote waulize kama parokia yao ina Misa ya Jumamosi jioni. Na nyumba yenye mgonjwa inaweza kugawana: baba aende Misa ya kwanza, mama aende ya pili. Nimeona nyumba nyingi ambamo baba huenda kanisani kila Dominika mwaka mzima, huku mama akibaki na mtoto mlemavu, na haikumjia mtu yeyote kwamba wangeweza kupokezana. Akina baba wakisoma gazeti hili kwa siri, kama ninavyojua wanavyofanya, hilo ni lao.

Niseme na neno moja kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Jumuiya hizi ni hazina kubwa kwetu huku Afrika Mashariki. Maaskofu wetu waliziamua katika miaka ya 1970 ili Kanisa liwe karibu na nyumba za watu. Lakini siku hizi daftari la mahudhurio limekuwa na nguvu kupita kiasi. Mama asipoonekana mara tatu, jina lake linatiwa alama, na siku anapotaka barua ya kubatizia mtoto anaulizwa kwa ukali alikuwa wapi. Alikuwa hospitali, mwenyekiti! Mama asipoonekana wiki mbili, wawili kati yenu wapite nyumbani kwake kabla kalamu haijafika kwenye daftari. Wakikuta kuna mgonjwa, wachote maji, wafue nguo, wakae na mtoto ili mama aoge na alale kidogo.

Sasa dalili zenyewe, maana nisipozitaja sitakuwa nimefanya kazi yangu. Mtoto akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akiwa amelegea sana au haamki anapoamshwa, huyo hasubiri Misa iishe wala asubuhi ifike. Vivyo hivyo anayepumua haraka au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote apelekwe siku hiyohiyo. Malaria kwa mtoto mdogo inatakiwa ianze kutibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze, kwa sababu inaweza kugeuka kuwa kali kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana Jumatatu inatutisha.

Bibi aliyeanguka wakati wa mahubiri

Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja nilichokwenda kutoa semina ya afya, bibi mmoja alianguka katikati ya mahubiri. Alikuwa anatoka jasho jingi, mikono inatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Akina mama walimzunguka. Mmoja akaanza kukemea pepo kwa sauti kubwa, mwingine akapaza Salamu Maria. Nilimwuliza mjukuu wake kama bibi ana ugonjwa wowote. "Ana sukari," akasema. "Amejichoma sindano yake alfajiri." Amekula nini? "Hajala. Leo anapokea Komunyo."

Tulimnywesha soda iliyotoka kwenye kioski cha jirani, kidogo kidogo, kwa sababu bado aliweza kumeza. Baada ya kama robo saa aliketi na kuuliza kwa nini watu wote wanamtazama. Angekuwa amepoteza fahamu kabisa tusingemtilia kitu kinywani, maana angepaliwa. Huyo hukimbizwa hospitali bila kusubiri.

Bibi huyu alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa zamani, kwamba anayetaka kupokea Ekaristi asionje kitu tangu usiku wa manane. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mwaka 1953 Papa Pius XII aliruhusu maji, mwaka 1957 akaweka muda wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akapunguza ukawa muda wa saa moja tu kabla ya kupokea. Maji na dawa havivunji mfungo huo. Tena kanuni ya 919 inaongeza jambo ambalo sijui kwa nini halitangazwi kila mwezi: wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo moja. Umesoma vizuri, hata wanaowauguza. Wewe uliyekesha na mama mkwe wako, ukanywa chai ya saa kumi na mbili huku umesimama, na padre akafika na Komunyo ya wagonjwa muda mfupi baadaye, na wewe unaweza kupokea pamoja na mgonjwa wako.

Kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari, ale mlo wake kama daktari alivyomwelekeza, halafu aende Misa. Abebe na pipi au sukari kidogo kwenye mkoba. Misa zetu ni ndefu, na matangazo ndiyo usiseme.

Vivyo hivyo Kwaresima. Siku za kufunga chakula kwa amri ya Kanisa lote ni mbili kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Na mfungo wenyewe unaruhusu mlo mmoja kamili na kula kidogo mara mbili. Kujizuia nyama kunaanzia miaka 14. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawadaiwi mfungo wa chakula. Hata hivyo kila mwaka hatukosi mama mwenye mimba ya miezi saba, damu yake ni pungufu, aliyejipangia mfungo wa siku arobaini wa kula jioni tu. Ukimwuliza ni nani aliyemwambia, anasema ni yeye mwenyewe na Mungu wake. Lakini tumboni wamo wawili, na yule wa pili hajaulizwa. Kama unataka kufunga kitu ukiwa mjamzito, funga umbea, au funga kisirani kwa wifi yako. Kina mama walionijaribia hilo wanasema chakula kingekuwa rahisi zaidi.

Dawa mezani, Rozari mkononi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapopoteza watu.

Mama mmoja kijana alikuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI. Alizianza akiwa mjamzito, akajifungua salama, na mtoto alipopimwa mara ya kwanza alikutwa hana maambukizi. Halafu alialikwa kwenye kikundi fulani cha maombi mtaani. Aliombewa, akaambiwa amepona, na akaambiwa kwamba kuendelea kumeza dawa ni kumwonyesha Mungu kwamba hamwamini. Alizitupa dawa mbele ya watu, wakapiga vigelegele. Akaendelea kunyonyesha. Alirudi kwetu baada ya miezi minane akiwa amekonda na anakohoa, ana kifua kikuu. Tulimpima na mtoto. Safari hii majibu yalikuwa mengine.

Wote wawili wanaishi. Mama alimaliza dawa za kifua kikuu za miezi sita, akarudi kwenye kidonge chake kimoja cha kila siku, na mtoto naye ana dawa zake. Lakini mtoto yule atameza dawa maisha yake yote kwa sababu ya vigelegele vya jioni moja.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka mwaka 2011, pale umati wa watu ulipomiminika Loliondo, katika kijiji cha Samunge, kunywa kikombe kilichosemwa kwamba kinaponya magonjwa sugu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walitolewa wodini na ndugu zao wakiwa na mipira ya dripu, na wapo waliokufa wakiwa njiani au kwenye foleni. Walikwenda Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na wasio na dini. Sikuwacheka wakati ule na siwacheki leo. Mtu akiwa na ugonjwa usioisha, atatembea mbali kufuata neno "utapona". Ila tulio wauguzi tuliwapokea wale waliorudi bila dawa zao.

Je, imani yetu inasema nini? Katika Biblia yetu ya Kikatoliki kuna kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho ndugu zetu wa madhehebu mengi hawanacho katika zao. Fungua sura ya 38. Mzee yule anafundisha kwamba tabibu aheshimiwe kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, kwamba Bwana amezitoa dawa katika ardhi na mwenye akili hazidharau, na kwamba mgonjwa asali, aache dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake. Angalia mpangilio huo: sala na tabibu katika ukurasa mmoja, wala havigombani. Luka Mwinjili anaitwa tabibu katika barua kwa Wakolosai. Msamaria mwema alifunga majeraha kwanza, akayatia mafuta na divai, kisha akalipa gharama za nyumba ya wageni. Na Bwana wetu alipowaponya wale wakoma kumi aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakipima ukoma. Kwa lugha yetu ya leo tungesema aliwapeleka maabara.

Kanisa linafanya vivyo hivyo mpaka sasa. Huko Lourdes, Ufaransa, ambako Bikira Maria alimtokea Bernadeta mwaka 1858, ipo ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Mtu akidai amepona, madaktari wanachunguza kumbukumbu za hospitali, wanasubiri miaka, wanauliza maswali magumu. Walioleta madai ya kupona ni maelfu. Hadi mwaka 2018 maaskofu walikuwa wametangaza miujiza 70 tu. Ikiwa Kanisa linakwenda polepole namna hiyo mahali patakatifu kama pale, basi mtu wa mtaani kwetu asikutupishe dawa kwa dakika kumi za kuwekewa mikono. Waliokuombea ukapona washukuriwe. Nenda ukapime. Kama umepona, vipimo vitasema, na daktari mwenyewe ndiye atakayekuachisha dawa.

Hii inahusu pia dawa za kifafa. Mtoto wa kifafa akiachishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege isiyokoma, na hiyo inaua. Inahusu dawa za shinikizo la damu, ambazo watu huziacha kwa sababu "najisikia vizuri". Unajisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Mimi humshauri mama aweke dawa zake mahali anaposalia jioni, kando ya Rozari. Akimaliza fumbo la tano anameza kidonge. Hasahau tena kimoja wala kingine.

Mtakatifu wa wodini

Akina mama wengi hudhani utakatifu ni wa watawa, kwa sababu wao wana kikanisa ndani ya nyumba na kengele ya kuwaamsha. Wamsome Mtakatifu Gianna Beretta Molla. Alizaliwa Italia mwaka 1922, akawa daktari, akafungua kliniki katika mji mdogo wa Mesero mwaka 1950, kisha akasomea magonjwa ya watoto. Aliolewa mwaka 1955 na mhandisi aitwaye Pietro. Aliendelea kutibu wagonjwa huku akilea, na alipenda kupanda milima na kuteleza kwenye theluji. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa nne, madaktari waligundua uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Alikubali upasuaji wa kuondoa uvimbe huo, lakini akasisitiza mtoto aachwe salama. Binti alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962, na mama akafariki wiki moja baadaye. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994 na Mtakatifu mwaka 2004, mumewe akiwa bado hai, na binti yule naye akawa daktari.

Watu humtaja kwa kifo chake. Mimi humpenda zaidi kwa ile miaka ya kabla yake, miaka ya foleni ya wagonjwa, watoto watatu wadogo, na nyumba inayotaka chakula cha jioni.

Maji ya vuguvugu

Kuna jambo ambalo kila mama Mkatoliki anatakiwa kulijua kabla hajahitaji kulijua. Mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Kanuni ya 861 ndiyo inayosema hivyo: katika dharura, mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa, yaani nia ya kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Katekisimu inaongeza kwamba hata asiyebatizwa anaweza. Muuguzi mwenzangu Mwislamu aliniuliza siku moja kama ni kweli, kwa sababu yuko peke yake zamu ya usiku na akina mama humsihi. Nilimwambia ni kweli. Tangu hapo ameandika maneno yale kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati lake.

Maji ni maji ya kawaida tu, yawe safi. Unamimina juu ya kichwa cha mtoto mara tatu, ukitaja jina lake na kusema kwamba unambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Anayemimina ndiye anayesema, wala wasigawane. Kwa mtoto njiti mwenye kilo moja sisi hutumia maji ya vuguvugu kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache yanayotiririka kwenye paji la uso, halafu tunakausha haraka kwa kitambaa. Baridi ni adui mkubwa wa mtoto njiti, na ubatizo usimrudishe nyuma. Akimaliza kubatizwa anarudi kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Mimi simbatizi mtoto wa mtu bila mama au baba kuomba. Na baada ya hapo naandika: jina la mtoto, wazazi, tarehe, saa, na nani alibatiza, kisha taarifa inapelekwa kwa paroko ili aiandike kitabuni. Mtoto akipona habatizwi tena. Wazazi wanampeleka kanisani kukamilisha sehemu zilizobaki za ibada. Wapo vijana wawili ninaowajua katika parokia yetu waliobatizwa kwa bomba la sindano, na mmoja ni mpiga ngoma wa kwaya.

Na mtoto aliyezaliwa amefariki? Hapo hatubatizi, kwa kuwa sakramenti ni za walio hai. Najua maumivu ya jibu hilo, nimewaona mama zao. Wengine wamebeba kwa miaka thelathini hofu waliyopewa na watu kwamba mtoto wao hatamwona Mungu. Mama mwenzangu, kama wewe ni mmoja wao, soma hapa taratibu. Katekisimu, namba 1261, inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na kwamba tunaweza kutumaini kuwa ipo njia ya wokovu kwao. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikano ilitoa andiko zima juu ya tumaini hilo. Na kanuni ya 1183 inampa askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Muulize paroko wako. Mara nyingi mtoto huzikwa na wanaume watatu nyuma ya nyumba huku mama akiwa bado wodini, na mama hajui hata kaburi lilipo.

Sisi wodini tunajaribu kumwachia mama amwone mtoto wake, ambebe kama anataka, ampe jina. Ndugu nao tunawaomba wayaache yale maneno, "Usilie, utapata mwingine." Huyu hakuwa mwingine.

Padre aitwe mapema

Nimalizie na Mpako wa Wagonjwa, kwa sababu simu hizi ninazozipiga kwa mapadre saa nane za usiku zinaweza kupungua. Zamani tuliuita mpako wa mwisho, na jina hilo limetia watu hofu mpaka leo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema afadhali uitwe Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Mtu mwenye ugonjwa mzito anaweza kuupokea, mzee aliyedhoofika anaweza, anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwa ugonjwa mkubwa anaweza. Akipona akaugua tena, au ugonjwa uleule ukizidi, anapakwa tena.

Ndugu husema, "Tukimwita padre, mgonjwa atajua anakufa." Nimekaa na wagonjwa wengi usiku, na nakuhakikishia kwamba mara nyingi mgonjwa amekwisha kujua. Anachongoja ni mtu wa kusema naye. Akiitwa padre mapema, mgonjwa anaungama kwa kinywa chake mwenyewe, anapokea Komunyo angali anaweza kumeza, anaagana na ndugu akiwa na akili zake. Akiitwa wakati mgonjwa ameshapoteza fahamu, padre atampaka mafuta, lakini yale mengine yote yatakuwa yamepita. Tena mpako hutolewa na padre peke yake. Katekista hawezi, mtawa hawezi, wala mimi. Kwenye vigango ambako padre hufika mara moja kwa mwezi, kusubiri hali iwe mbaya ni kumkosa.

Ukipiga simu parokiani, taja jina la mgonjwa, hospitali, wodi na namba ya kitanda, useme kama ana fahamu na kama anameza. Uliza saa za kuona wagonjwa, lakini kwa mahututi muuguzi wa zamu atamruhusu padre saa yoyote. Mwambie muuguzi mapema, tutaweka pazia. Mwandalie padre kitambaa cheupe na maji ya kunawa. Kama mgonjwa yuko nyumbani, washa mshumaa. Kama yuko wodini, mshumaa uache nyumbani, maana penye mitungi ya oksijeni hatuwashi moto. Msalaba mdogo juu ya meza ya kitanda unatosha.